Perege kwenye nchi kame: maswali ya wafugaji

Chamwino: Shikamoo mwalimu. Kila alfajiri nawakuta perege wangu juu ya maji, midomo wazi. Jua likipanda wanazama. Jirani anasema wana njaa, niwaongezee chakula.

Marahaba, mama. Usiwaongezee hata punje! Wanakosa hewa. Vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua. Usiku huivuta, kama samaki wenyewe, na chakula kinachooza chini nacho hula sehemu yake. Ndiyo maana kukipambazuka hewa inakuwa imekwisha. Chovya mkono wima, kiganja kikitazama juu. Vidole vikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Simamisha mbolea, punguza chakula, toa maji kiasi uingize mapya. Unayoyatoa usiyamwage, yana rutuba, yapeleke kwenye mchicha. Hapa Dodoma jua linakausha maji mengi kuliko mvua inayonyesha, na bwawa lisilo na bustani pembeni mimi naliona hasara.

Bahi: Kambale je, nao watakosa hewa?

Si rahisi. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, ndiyo maana anaishi hata kwenye tope. Ukimchanganya na perege atakula vifaranga, na hilo ni jema: perege huzaa wakiwa wadogo, bwawa linajaa, wote wanadumaa. Ila kambale umtie bwawani baada ya perege kukua kumzidi.

Singida: Mashudu ya alizeti yapo tele, dagaa ni ghali. Niwape mashudu tu?

Tu, hapana. Watafiti wa vyuo wameyapima sana: protini ipo, ila maganda yana nyuzinyuzi nyingi na lisini, kijenzi cha protini ambacho samaki anakihitaji ili akue, ni chache, hivyo samaki hawakui vizuri. Chekecha maganda, kisha punguza dagaa bila kuwaondoa kabisa. Nalipenda jambo hili kwa moyo wote, maana dagaa anayebaki sokoni ni kitoweo cha mtoto.

Mwanafunzi, Dodoma mjini: Utafiti wangu nianzie wapi?

Anzia Juni na Julai, mwanangu. Usiku wa kipupwe joto hapa hukaribia nyuzi 14, na perege anataka maji ya 25 hadi 30. Hamu ya kula inashuka, mfugaji anaendelea kumwaga chakula kilekile. Nenda na kipimajoto saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, pima maji, hesabu na chakula kilichobaki. Andika kwenye daftari la mfugaji, na ukiondoka umwachie.