Mwani wa baharini na maji ya Kafubu
Je, mwani wa baharini unaweza kutuonyesha uchafuzi wa metali nzito katika mito yetu ya Lubumbashi na Kafubu, huku kusini mwa Kongo (DRC)? Ndiyo, mwani huo hutumika kweli kupima uchafuzi wa metali nzito baharini, lakini hautafaa katika mto Lubumbashi wala Kafubu, kwa sababu maji hayo hayana chumvi na mwani huo ungekufa kabla ya kutupa jibu lolote. Unaotumika sana katika pwani za Ulaya ni mwani wa rangi ya kahawia uitwao Fucus vesiculosus: alijineti, yaani dutu inayonata iliyomo katika kuta za seli zake, hunasa shaba, zinki, kadimiamu na risasi zilizoyeyuka majini, kwa hiyo ukikausha kipande chake na kukipeleka maabara unapata picha ya wiki kadhaa zilizopita, jambo ambalo chupa moja ya maji yaliyochotwa asubuhi haiwezi kuonyesha. Kwa shaba na kobalti za huku kwetu, kinachofaa ni miani midogo ya kijani ya maji yasiyo na chumvi, ambayo kwa kawaida huwekwa katika sampuli ya maji kwa saa 72 ili kuona kama ukuaji wake unapungua. Ukipungua, utajua kwamba maji yana sumu, ila hutajua ni metali ipi mpaka maabara ipime.