Usifungue banda Kibirizi kwa muvi ya kipelelezi ambayo hujaimaliza mwenyewe

Hapana, mdogo wangu. Usifanye hivyo.

Umeandika kwenye uzi wako humu kwamba mbalamwezi ijayo unafungua banda la video pale Kibirizi, Kigoma, na muvi ya kwanza ni hiyo ya kipelelezi yenye urefu wa saa mbili na nusu. Hujaitazama, ila tangazo lake ni kali, steringi ni jamaa mkubwa, na aliyekuingizia kwenye flashi kakwambia itajaza watu. Halafu unauliza projekta au runinga, kiingilio kiwe shilingi ngapi, kibali unakipata wapi, jenereta iwe ya ukubwa gani. Kuhusu muvi yenyewe hukuuliza chochote. Mimi najibu hicho ambacho hukuuliza, kwa sababu ndicho kitakachokufungia banda.

Nilikuwa na banda Mwanga. Mabenchi ya mbao, turubai, spika mbili, na watu walikuwa wanakuja. Wewe ni mtu wa Kigoma, unajua hesabu ya ziwa: dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukijaa taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukweni. Siku hizo wavuvi wana hela ya giza lililopita mfukoni na hawana pa kwenda usiku. Mwenye banda anayezipoteza siku hizo kapoteza mwezi mzima, maana siku za giza wateja wake wako majini na anabaki na wanafunzi wanaochungulia kwenye matundu.

Mimi mbalamwezi moja niliiweka yote mikononi mwa muvi inaitwa The Snowman. Ni ya mwaka 2017. Sikuitazama. Jamaa mmoja anayeuza muvi kwenye flashi alinishika mkono akaniambia hii ni kiboko, bonge la muvi ya muuaji wa mfululizo, steringi ni Michael Fassbender, na Martin Scorsese mwenyewe yumo kwenye utayarishaji. Akanionesha tangazo lake kwenye simu. Tangazo lilikuwa linatisha kwelikweli. Nikakodi bodaboda na spika, tukatangaza kuanzia Mwanga mpaka Gungu, tukashuka Kibirizi, tukaenda mpaka Ujiji.

Banda lilijaa mpaka watu wakasimama nyuma. Nakueleza sasa kilichotokea, na nakueleza muvi yote mpaka mwisho wake kwa makusudi, ili usije ukaiweka.

Inaanza vizuri. Kuna mtoto na mama yake kwenye nyumba iliyojitenga huko Norway, mama anaendesha gari mpaka juu ya ziwa lililoganda, barafu inapasuka, gari linazama naye yumo ndani na mtoto anaona. Banda zima kimya. Watu wa ziwani wanajua kuzama ni nini, huna haja ya kuwatafsiria. Nikasema moyoni, leo nimepata.

Baada ya hapo muvi inakaa chini. Mpelelezi anaitwa Harry Hole, mlevi, analala ovyo, anatembea kwenye theluji, anavuta sigara, anaangalia dirishani. Wanawake wanapotea na panapotokea tukio kuna sanamu la theluji limesimama, uso wake umepangwa kwa buni za kahawa. Kuna mzee mmoja wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, aliuliza kwa sauti hizo buni ni za nini. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa na wapelelezi ndani ya ile muvi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika maiki nikijaribu kuwaeleza watu kinachoendelea, na mimi mwenyewe nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza pamoja nao.

Hapo ndipo palipouma. Muvi ya mapigano ukiiweka bila kuitazama unaweza kujiokoa, maana ngumi haihitaji mkalimani. Muvi ya kipelelezi yenye mwendo wa polepole inaishi kwa habari ndogondogo: nani alikuwa wapi, nani anamjua nani, lipi lilitangulia. Mwenye maiki asipojua, watu mia wanapotea pamoja naye. Marehemu Lufufu, aliyetufundisha nchi hii nzima kuangalia muvi za nje kwa Kiswahili, alikuwa anasimulia kama mtu aliyekuwepo kwenye tukio. Unadhani alikuwa anaikuta hadithi njiani?

Katikati kukaingia polisi mwingine, wa mji wa Bergen, ameigizwa na Val Kilmer. Hadithi yake ni ya miaka ya nyuma, inakatizwa katikati ya hadithi ya sasa, inaondoka, inarudi. Mimi nikatangaza kwenye maiki kwamba huyu ni mwenzake Harry anakuja kumsaidia. Nikadanganya watu bila kujua. Alipouawa, watu wakawa wanamsubiri Harry alipize kisasi, na Harry hana habari naye kwa namna hiyo. Halafu midomo ya Kilmer ilikuwa inakwenda huku, sauti inakwenda kule. Vijana wakaanza kupiga kelele kwamba nimewawekea kopi mbovu. Baadaye nikajua kwamba Kilmer alikuwa ameugua saratani ya koo, na sauti inayosikika pale ni ya mtu mwingine iliyopachikwa. Mgonjwa hana kosa. Lakini usiku ule mimi ndiye niliyeitwa tapeli, na projekta yangu ikaitwa mbovu, na spika zikaitwa mbovu.

Kuna na tajiri mmoja, J.K. Simmons, anahangaika kuiletea Oslo mashindano ya michezo ya theluji. Muda mwingi unamezwa na huyo tajiri. Unamngoja uone anahusika vipi na mauaji. Hahusiki kwa lolote la maana. Kaletwa ili umshuku, halafu wakamwacha hapohapo.

Sasa mwisho. Muuaji kajulikana, ni daktari aliyekuwa karibu na familia anayoipenda Harry. Wako kwenye ziwa lililoganda. Harry kajeruhiwa, muuaji anamsogelea ammalize. Watu wangu wamekaa zaidi ya saa moja na nusu kwenye joto, wanasubiri steringi afanye kazi yake. Muuaji anatembea, anatumbukia kwenye shimo la barafu, anazama. Basi. Harry hajampiga, hajamkamata, hajamtega. Shimo ndilo lililofanya upelelezi.

Mvuvi mmoja wa makamo akasimama, akaniambia, "Baba, hata sisi ziwa linachukua watu, lakini hatulipishi kiingilio." Wakadai hela zao. Wengine niliwarudishia, wengine hawakusubiri, wakaondoka na mabenchi. Hasara ya mabenchi inalipika. Iliyonigharimu ni mbalamwezi iliyofuata, na iliyofuata tena, maana wale watu walihamia banda la jirani na hawakurudi. Mtu aliyevua usiku kucha hakupi jero yake mara ya pili ili uijaribu bahati yako.

Yule wa flashi nilimfuata. Akaniambia yeye hajaitazama, alisoma tu majina kwenye kava. Mtu ambaye kazi yake nzima ni kuwaambia watu waangalie nini, hajaitazama! Mpaka leo nikipita pale namsikia anawaambia vijana wenye mabanda, "Chukua hii, ni kali." Anaijua muvi kwa uzito wa faili. Na wewe umeandika maneno yaleyale, "kaniambia itajaza watu", ndiyo maana nimeshindwa kupita kimya kwenye uzi wako.

Baadaye niliitafuta habari ya ile muvi, kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi nisiyeelewa. Mwongozaji wake, Tomas Alfredson, si mtu wa kubahatisha, alishafanya kazi nzuri mwaka 2008 na 2011. Mwaka huohuo wa 2017 alisema hadharani huko Norway kwamba kazi ilianza ghafla, muda wa kupiga picha Norway ulikuwa mfupi mno, na sehemu ya hadithi kati ya asilimia 10 na 15 haikurekodiwa kabisa. Walipokaa kuhariri wakakuta mambo hayapo. Umesikia? Mzee wa Kalinzi hakuwa mjinga, na mimi sikuwa kiziwi. Tulikuwa tunatafuta maelezo ambayo hayakuwahi kupigwa picha. Na Scorsese ambaye jina lake liliniuzia ile flashi, awali yeye ndiye aliyekuwa aiongoze, akatoka, akabaki mtayarishaji mtendaji. Jina kwenye kava halikwambii mtu alishika kamera au hakushika.

Na tangazo nalo lina vipande ambavyo ndani ya muvi havimo. Kwa hiyo ukisema "tangazo lake ni kali" hujaniambia kitu kuhusu muvi. Tangazo linakatwa na watu wa kuuza, mara nyingi kabla muvi yenyewe haijatulia, na muvi ya polepole ndiyo inayodanganyiwa zaidi, kwa sababu dakika mbili za mshituko unaweza kuzikusanya hata kwenye muvi ambayo watu wanashinda wanakunywa chai.

Usinielewe vibaya kwenye jambo moja. Polepole si ugonjwa. Kuna muvi ya Korea Kusini ya mwaka 2003, Memories of Murder, ya Bong Joon-ho. Inakwenda polepole, mvua inanyesha, mashamba ya mpunga, polisi wa kijijini wanawapiga watu wasio na hatia ili wakiri, na muuaji hapatikani mpaka muvi inaisha. Hapatikani! Niliiweka nikiwa nimeshaitazama mwanzo mwisho na kuandika pembeni nani ni nani, na hakuna aliyedai hela. Walibaki nje wanabishana muuaji ni nani. Nikawaambia kwamba ile hadithi ina mzizi wa kweli, mauaji ya Hwaseong yaliyoanza mwaka 1986, na kwamba mwaka 2019 ndipo polisi walipomtambua mtu wenyewe kwa vinasaba, wakamkuta tayari yuko gerezani kwa mauaji mengine. Walikaa mpaka nikazima taa.

Tofauti yake na ile nyingine utaiona ukiwa peke yako na daftari. Tazama muvi yako leo, peke yako, bila kusogeza mbele hata kidogo. Kila baada ya dakika kumi isimamishe, uandike sentensi moja: mpelelezi amejua nini ambacho dakika kumi zilizopita hakukijua? Ikiwa ameangalia dirishani tu, andika hivyo hivyo, "ameangalia dirishani". Ukikuta vipande vitatu vinafuatana havina jibu, usiiweke mbele ya watu waliolipa. Kwenye muvi ya Wakorea hata mpelelezi akikosea, kosa lake linakuwa habari mpya: huyu siye, kwa hiyo tumepoteza siku, kwa hiyo mwingine kafa. Kwenye The Snowman unaweza kwenda kununua karanga sokoni Mwanga ukarudi ukakuta bado wanatembea kwenye theluji.

Kisha angalia mwisho kama steringi ndiye aliyeufikia. Anaweza kushindwa, anaweza kufa, hakuna shida, wavuvi wanajua kushindwa. Lakini afike kwa alichokijua au alichokikosa. Mwisho ukiletwa na shimo la barafu, watu wako watajua wamechezewa, hata wale ambao hawajaenda shule.

Na usimtume mtu mwingine akutazamie. Utasema huna muda, unapiga misumari, unapaka chokaa. Acha misumari. Mabenchi yasiyopakwa rangi watu wanakaa, banda la Mwanga halikuwa na chokaa na lilijaa. Wengine humu watakwambia weka tu, watu wa Kibirizi wanaangalia chochote. Huyo hajawahi kusimama na maiki mbele ya wavuvi. Wale wanasoma maji, upepo na mwezi ili wale chakula, na unataka kuwaambia hawataona kwamba hadithi ina tobo?

Kibali: kuna Bodi ya Filamu na sheria yake ni ya mwaka 1976, anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atakuelekeza, na uulize na habari ya madaraja ya umri kwa sababu muvi za mauaji si za watoto wanaochungulia. Projekta na jenereta waachie wadau wengine humu, wapo wanaojua kuliko mimi. Kiingilio angalia jirani yako anatoza ngapi.

Mbalamwezi bado haijafika, una usiku wa kutosha. Zima simu, itazame yote, halafu rudi kwenye uzi huu uniandikie muuaji ni nani na mpelelezi alimjuaje. Ukiweza kunieleza kwa sentensi tatu nikaelewa, mimi mwenyewe nitapanda bodaboda kutoka Mwanga nije nilipe kiingilio.