Kupotea katikati ya "All the Things You Are"

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mwanzo wa wimbo "All the Things You Are" unaumudu kwenye kinanda, lakini ukifika sehemu ya kati unapotea. Si ajabu, kwa kuwa Jerome Kern, aliyeutunga mwaka 1939 kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya Broadway, aliupitisha katika funguo tano (yaani ngazi tano za noti ambamo wimbo hujengwa) ndani ya vipimo 36, yaani vipande vya mapigo.

Anza na mkono wa kushoto peke yake: piga mizizi (noti za msingi) ya kodi za mwanzo, yaani makundi ya noti zinazopigwa pamoja; mizizi hiyo ni F, B flati, E flati, A flati na D flati, huku ukiimba melodi, hadi sikio lizoee mwendo huo wa kupanda kila mara hadi noti ya nne, ukihesabu na ile unayoanzia.

Utamu wenyewe uko mwishoni mwa sehemu ya kati. Kodi inapotua kwenye E meja, melodi hushikilia G shapu. Usiiachie, kwa maana noti hiyohiyo, sasa ikiitwa A flati, ndiyo inayokuvusha juu ya kodi ya C saba hadi kodi ya F maina uliyoanza nayo. Sijui mgeuko mwingine unaonigusa kama huu.

Usikariri kodi za karatasini bila melodi. Ukiendelea kupotea, mwombe mwalimu akusikilize. Na kifundo cha mkono kikiuma, pumzika na umwone tabibu.