Devil's Lake na watoto wadogo: nendeni, ila si wikendi ya Julai

Dada, umeuliza kama Devil's Lake kule Wisconsin inafaa kupiga kambi na watoto wa miaka sita na tisa, wikendi ya Julai, mkitokea Chicago. Hifadhi yenyewe inafaa sana. Wikendi ya Julai ndiyo nakusihi uiache.

Katika hifadhi zote za jimbo lile hakuna inayopokea watu wengi kama hii. Ni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Jumamosi ya jua, foleni ya magari huanza asubuhi. Nafasi za hema huanza kukatiwa tiketi miezi 11 kabla, na za wikendi ya kiangazi hugombaniwa. Familia yetu huenda Jumatatu hadi Alhamisi mwezi Juni, shule zikishafungwa. Maji bado ya baridi, lakini mnapumua.

Watoto watakachokikumbuka ni majabali. Yanasimama mita 150 hivi juu ya ziwa, na huko juu hakuna vizuizi pembezoni, kwa hiyo mtoto wa miaka sita mshike mkono muda wote. Njia ya Balanced Rock ni ngazi za mawe, kali mno kwake. Mpandishe kwa njia ya East Bluff Woods, mteremko wake ni wa pole, ama mbaki chini kwenye Tumbled Rocks, njia ya lami inayopita katikati ya mawe makubwa kando ya maji. Ukifika hapo waeleze kwamba barafu ya kale iliziba bonde kwa vifusi ncha zote mbili, ndipo ziwa likapatikana. Waambie pia kwamba kwa Wahochunk, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ziwa hili ni takatifu. Wazee wa kale walijenga vilima vya udongo vyenye maumbo ya wanyama, kimoja cha ndege upande wa kusini. Wasivikanyage.

Boti za injini ya petroli haziruhusiwi, kwa hiyo kayaki hutulia vizuri. Lakini ufukweni hakuna waokoaji: jaketi za kuokolea mje nazo.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Sheria inataka ziwe zimetoka ndani ya maili 10 au zina cheti, maana wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya magogo. Nunueni hapo karibu.

Na kila jioni wakagueni kupe, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kupe wale wadogo wa kulungu huambukiza ugonjwa wa Lyme.