Wikipedia ya Kiswahili kwenye dirisha la amri

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Natumia Termux (programu ya amri za Linux) kwenye simu na Ubuntu kwenye kompyuta. Nataka kutafuta na kusoma makala za Wikipedia ya Kiswahili bila kufungua kivinjari, maana bando linakwisha upesi. Amri niliyojaribu inaleta "parse error: Invalid numeric literal". Na hata ikikubali, nikitafuta "mkulima" nakosa makala ninazojua zipo. *(Msomaji, Tabora)*

JIBU: Ndugu yetu, curl ya kuleta na jq ya kuchambua zinakutosha. Kwenye Termux andika `pkg install curl jq less`. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install curl jq`. Kisha bandika haya mwishoni mwa faili `~/.bashrc` na ufungue dirisha jipya:

```
API=https://sw.wikipedia.org/w/api.php
MIMI="kisomaji/1.0 (barua pepe yako)"
tafuta() { curl -sG -A "$MIMI" $API -d action=query -d list=search -d format=json --data-urlencode "srsearch=$*" | jq -r '.query.search[].title'; }
soma() { curl -sG -A "$MIMI" $API -d action=query -d prop=extracts -d explaintext=1 -d redirects=1 -d format=json --data-urlencode "titles=$*" | jq -r '.query.pages[].extract' | fold -s -w 60 | less; }
```

Andika `tafuta Kilwa`, yatatoka majina ya makala yasiyozidi 10; ukitaka zaidi, ongeza `-d srlimit=30` ndani ya mstari wa `tafuta()`, baada ya `-d list=search`. Chagua jina moja: `soma Kilwa Kisiwani`. Ndani ya less, inayokuonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa, `/` hutafuta neno, `n` hukupeleka linapojitokeza tena, `q` hutoka. Picha na majedwali havitoki, na hapo ndipo bando linapopona.

Kosa uliloliona, jq haina hatia. Imeletewa HTML (ukurasa wa kivinjari) mahali pa JSON (data iliyopangwa kwa ajili ya programu), ikashindwa kuusoma. Ondoa kipande cha jq uone kilichokuja. Ama umesahau `format=json`, ama seva imekukataa kwa kuwa hukujitambulisha: Wikimedia inataka kila programu itaje jina na mawasiliano, ndiyo kazi ya `-A`. Ukiona `null`, makala ya jina hilo haipo. Angalia herufi kubwa kwanza: ukiandika `soma ziwa tanganyika`, mfumo unarekebisha herufi ya kwanza tu na kutafuta "Ziwa tanganyika".

Sasa "mkulima". Utafutaji wa Wikipedia kwa Kiingereza hukata mikia ya maneno, hivyo umoja na wingi hukutana. Maneno yetu hubadilika mbele, na injini haijui ngeli: kwake mkulima, wakulima na kilimo ni maneno matatu yasiyojuana. Mtajie yote, OR ikiwa kwa herufi kubwa:

`tafuta mkulima OR wakulima OR kilimo`

Vitenzi ni shida zaidi, kwa kuwa analima na walilima nayo yanahesabiwa mbalimbali. Ukiweza, tafuta kwa nomino za I-ZI, ambazo umoja na wingi ni neno lilelile: karafuu, pamba, ndoa. `tafuta intitle:karafuu` inabana kwenye vichwa vya makala. Kwa maneno yanayofuatana, zungushia alama moja nje na mbili ndani, `tafuta '"Mji Mkongwe"'`. Ukiweka zile mbili peke yake, bash, programu inayopokea amri zako, inazimeza kabla hazijafika kwenye seva.

SWALI: Na pasipo intaneti kabisa? *(Msomaji, Kigoma)*

JIBU: Pakua faili la ZIM (Wikipedia nzima katika faili moja) la Kiswahili kutoka Kiwix, mradi wa kusoma tovuti bila intaneti, lile lenye "nopic" lisilo na picha. Sakinisha kiwix-tools ya kufungua faili hilo na w3m, kivinjari cha maandishi matupu, kisha:

`kiwix-serve --port=8080 faili.zim`

Kwenye dirisha la pili andika `w3m http://localhost:8080`. Ukihamisha faili la Kiingereza kwa flashi, kumbuka FAT32, mpangilio wa flashi nyingi, haipokei faili linalofika GB 4. Ifomati flashi kwa exFAT kwanza.