Maswali ya Wasomaji: Baiskeli ya umeme, keria na mvua ya njiani

Safari hii tumechagua maswali yanayohusu kusafirisha baiskeli ya umeme kwa gari wakati wa mvua. Mengine tumeyafupisha.

SWALI (Dar es Salaam): Nina baiskeli ya umeme, betri yake inachomekwa kwenye bomba la chini la fremu. Mwezi wa nne nataka kuipeleka Moshi kwenye keria ya nyuma ya Noah. Muuzaji aliniambia haiingii maji, na kweli imeandikwa IPX4. Kuna haja ya kuifunika?

JIBU: Haja ipo, lakini usiifunike yote, na kabla ya kufunika chochote toa betri.

Tuanze na hiyo IPX4. Maana yake kifaa kilirushiwa maji kutoka kila upande, kama ya bomba la mvua bafuni, kwa dakika chache, na hayakukidhuru. Maji yanayopigwa kwa nguvu yana kipimo chake, IPX5: mdomo wa bomba wa milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika. Sasa gari likienda kilomita 100 kwa saa, tone la mvua linaipiga baiskeli iliyo juu ya paa kwa karibu mita 28 kwa sekunde. Hilo halimo kwenye ahadi ya IPX4. Kwa hiyo muuzaji hakukudanganya, ila alikuwa anazungumzia mtu anayeendesha baiskeli mvuani, si baiskeli iliyobebwa.

Keria ya nyuma ina nafuu kwa mvua ya mbele, kwa sababu gari lenyewe linaikinga. Ubaya wake uko chini. Matairi ya nyuma yanarusha maji yaliyochanganyika na mchanga na tope, na upepo unaozunguka mgongoni mwa gari unayabeba hadi kwenye baiskeli. Yanaingilia upande wa chini, ambako kwa kawaida mvua haifiki: kwenye mota ya katikati (ile iliyo penye pedali), chini ya kifuniko cha mdomo wa chaji, kwenye plagi za waya. Kama mipira ya kuzuia matope nyuma ya matairi ya Noah yako imekatika, weka mipya kabla ya safari. Ni kinga ya bei ndogo.

Kwa nini betri itolewe? Kati ya meno ya chanya na hasi, yaani vipande vya shaba vinavyogusana betri ikichomekwa, kuna volti 36 au 48, na kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu umeme huo upo hata swichi ikiwa imezimwa. Maji yenye vumbi na chumvi yanapitisha umeme. Yakikaa hapo kwa saa nane za safari, shaba ya upande wa chanya inaanza kuliwa na kuota kijani. Betri ikiwa haipo, shaba iliyolowa ni shaba iliyolowa tu: unaipangusa, yameisha. Tena unapunguza kilo 2.5 hadi 4 kwenye keria, na hilo si dogo. Keria nyingi za kufunga kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma zimetengenezwa kwa kilo 15 kwa baiskeli, wakati ya umeme ina kilo 20 hadi 28. Soma kibandiko cha keria yako kwanza; kama haifiki, mambo ya mvua yasubiri.

Ila ukitoa betri, soketi ya kwenye fremu inabaki wazi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Fanya hivi. Pangusa meno kwa kitambaa kikavu, kisha paka grisi ya silikoni kidogo sana, iwe kama utando tu. Funika soketi kwa kipande cha nailoni ngumu. Halafu chukua tyubu kuukuu ya pikipiki, ipasue kwa urefu, kata kipande kinachozidi nafasi ya betri kwa sentimita 10 kila upande, na uizungushe kwenye bomba la fremu mara mbili huku mshono ukiwa upande wa chini. Kaza kwa kamba za plastiki za kujikaza, mbili juu na moja chini. Ncha ya juu izibwe kwa tepu nyeusi ya umeme. Ya chini iache bila tepu. Maji machache yataingia tu, upende usipende. Ukiziba kotekote yatabaki humo, na soketi itafika Moshi imelala kwenye dimbwi.

Dispulei, yaani kioo kidogo cha kwenye usukani, itoe kama inatoka kwa kubonyeza. Kama imefungwa moja kwa moja, vika usukani mfuko wa nailoni mdomo ukiangalia chini, ukaze kwa mipira. Kifuniko cha raba cha mdomo wa chaji kibonyeze hadi mwisho, kisha pitisha tepu juu yake.

Betri ikae ndani ya gari, chini kwenye kivuli, imezuiwa isirukeruke. Kitu cha kilo 3 kinachoruka gari likipiga breki ghafla kinaumiza mtu. Ziba meno yake kwa tepu ili sarafu au funguo zisiyaguse. Na mkisimama kula, usiiache juani ndani ya gari lililofungwa.

SWALI (Stuttgart, Ujerumani): Huku naona watu wanavika baiskeli zote mbili mfuko mmoja mkubwa juu ya keria ya ndoano, ile inayofungwa kwenye ndoano ya kuvutia trela. Ni salama kwa barabara kuu?

JIBU: Soma kwanza kitabu cha keria yako. Watengenezaji wengi wa keria wanakataza kabisa mfuko wa kufunika baiskeli nzima gari likiwa kwenye mwendo, na wana sababu. Turubai la mita 1.5 za mraba likikabili upepo moja kwa moja kwa kilomita 100 kwa saa linasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 75 hivi. Nyuma ya gari ni pungufu, lakini magurudumu yanayotokeza pembeni yanaupata upepo wote. Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 100 hadi 130 inaongezeka kwa karibu asilimia 70. Keria na ndoano havikupimwa kwa mzigo huo. Juu ya hapo, mfuko ukificha taa au namba ya gari, umeshavunja sheria.

Tumia vifuniko vidogo vya neoprini (kitambaa cha raba) vinavyobana: kimoja cha soketi ya betri, kimoja cha mota, kimoja cha usukani. Mfuko mkubwa uvike usiku mnapolala hotelini.

Wakati wa baridi mvua si tatizo lako kubwa kama chumvi inayomwagwa barabarani. Ukifika, suuza baiskeli siku hiyohiyo kwa maji ya ndoo au ya bomba lisilo na presha, huku soketi ikiwa bado imefunikwa. Mashine ya presha usiisogeze kabisa karibu na mota wala bearingi.

SWALI (Nakuru): Mimi hubeba yangu nyuma ya pikapu na kuifunika turubai. Nikifika naikuta imelowa hata kama turubai halijatoboka. Maji yanatoka wapi?

JIBU: Mengine ni ya jasho. Bodi ya pikapu iliyopigwa mvua halafu jua inatoa mvuke, mvuke unapanda hadi kwenye turubai lililobanwa pande zote, unapoa na kudondoka tena juu ya baiskeli. Acha nafasi ya upana wa mkono upande wa nyuma ili hewa ipite, na ukifika toa turubai mara moja.

Mengine yanatoka sakafuni. Angalia matundu ya kutolea maji kwenye pembe za bodi. Mara nyingi yamezibwa na udongo. Simamisha baiskeli juu ya mbao mbili. Kama ni lazima uilaze, upande wa mnyororo uwe juu. Turubai likaze lisipepee: likipigapiga kwa saa mbili linachuna rangi na kuchubua waya za usukani.

SWALI (Mombasa): Mota yangu iko kwenye gurudumu la nyuma. Nimeitoa Voi kwa gari, mvua ikaipiga njia nzima. Sasa nikiiwasha inatetemeka, wakati mwingine haizunguki kabisa. Imeungua?

JIBU: Si rahisi iwe imeungua, maana haikuwa inafanya kazi. Anza na plagi ya waya wa mota, ile iliyo sentimita chache kutoka kwenye ekseli. Ina mishale miwili inayotakiwa kukutana ncha kwa ncha. Ikiwa haikusukumwa hadi mwisho, maji huingia kwenye sindano zake nyembamba, zile za vihisio vinavyoiambia kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) gurudumu liko wapi. Kontrola ikipokea habari za uongo, mota inatetemeka.

Toa betri. Vuta plagi moja kwa moja bila kuizungusha, la sivyo sindano zitapinda. Angalia kama kuna maji au ukijani, osha kwa isopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi kwa brashi laini, acha ikauke vizuri, paka grisi ya silikoni, rudisha hadi mishale ikutane. Usitumie mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati: yakirukia diski ya breki, breki itateleza.

Kama mota haizunguki kabisa, shuku swichi ya mkono wa breki. Ikishika maji, kontrola inadhani umebana breki na inakata umeme. Inua gurudumu la nyuma, chomoa plagi ya swichi moja, jaribu, kisha ya pili. Mota ikizunguka, umempata mkosaji. Acha swichi ikauke, rudisha plagi yake, usiendeshe ikiwa imechomolewa.

Ukimaliza, tazama waya unavyoingia kwenye ekseli. Ukishuka moja kwa moja, unaongoza maji ndani ya mota. Uupange ushuke chini ya ekseli kwanza, halafu upande kuingia; maji yatadondokea kwenye kona ya chini. Na usiipakie mvuani mota ikiwa ya moto kutoka mlimani. Hewa ya ndani ikipoa hujikunja na kuvuta maji kupitia palepale waya unapoingia. Nusu saa ya kupoa inatosha.

SWALI (Unguja): Wakati wa kupakua gari gatini, betri ilitumbukia baharini kwa dakika moja hivi. Nimeipangusa, taa zake zote zinawaka. Naweza kuichaji?

JIBU: Hapana, usiichaji. Usiichomeke kwenye baiskeli pia, na usiifungue. Taa zinaonyesha tu kwamba saketi ndogo ya taa iko hai. Maji ya chumvi yakikauka ndani yanaacha ukoko unaopitisha umeme kati ya seli, na moto unaweza kuzuka siku kadhaa baadaye. Florida waliona jambo hilo kwenye magari ya umeme yaliyozama maji ya bahari wakati wa kimbunga Ian mwaka 2022. Hata betri ya IPX7, inayovumilia kina cha mita moja kwa dakika 30, ilipimwa kwa maji baridi, si ya bahari.

Iweke nje leo, juu ya saruji au mchanga, mbali na nyumba, gari na chochote kinachoungua. Isiwe kwenye jua kali wala ndani ya mfuko. Ukiona inavimba, inapata moto, inatoa sauti ya kufoka au harufu tamutamu, ondoka hapo na uite Zimamoto. Vinginevyo wasiliana na aliyekuuzia aichukue. Tunajua betri ndiyo sehemu ya bei kubwa zaidi kwenye baiskeli, na jibu letu halibadiliki.

Kama soketi ya kwenye fremu nayo ilirukiwa, ioshe kwa maji baridi safi, kisha isopropili, na uiache siku nzima penye upepo kabla betri mpya haijachomekwa.