Maswali ya Wasomaji: Boti ya uokoaji na watu wake

SWALI: Tunasikia miji ya wavuvi Uingereza ina boti za uokoaji zinazoendeshwa na watu wasiolipwa. Chombo kikipata ajali usiku wa manane, nani anawaamsha? Msomaji, Pangani

JIBU: Nyingi ya boti hizo ni za shirika la RNLI, lililoanzishwa mwaka 1824, na fedha zake nyingi ni michango na wasia. Mwenye shida hupiga 999 au huita kwa redio ya VHF, chaneli 16. Walinzi wa pwani wakipokea, humwomba msimamizi wa kituo aruhusu boti iteremshwe. Akiruhusu, vifaa vya mwito ambavyo mabaharia hutembea navyo mchana na usiku hulia kwa pamoja. Muuza samaki, fundi, mwalimu, kila mmoja anaacha alichoshika na kukimbilia kituoni.

Wanaofika hawapandi wote. Nahodha huchagua, na waliobaki hushika trekta na redio. Boti ikirudi, huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kujazwa mafuta kabla watu hawajaenda kulala, kwa sababu mwito wa pili hausubiri. Watu husifu mabaharia tu, lakini bila hawa wa nchi kavu boti haitoki.

SWALI: Ni kweli ndugu wawili hawapandi boti moja? Msomaji, Kilwa

JIBU: Ni uamuzi wa nahodha, nasi tunauunga mkono kwa moyo wote. Usiku wa 19 Desemba 1981, huko Mousehole, Cornwall, nahodha Trevelyan Richards alimkatalia kijana Neil Brockman kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Boti yao ya mbao, Solomon Browne, ilikwenda kuisaidia meli Union Star iliyozimika injini katika tufani. Watu wote 16 wa vyombo vyote viwili walikufa, 8 kati yao wakiwa mabaharia wa boti hiyo. Neil baadaye akawa nahodha wa kituo hichohicho.

SWALI: BMU yetu (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) ina boti ya faiba na mashine ya HP 40. Tuanzie wapi? Msomaji, Mafia

JIBU: Anzeni na daftari ufukweni: nani katoka, na chombo gani, wangapi, anatarajiwa saa ngapi. Bila hilo mtajua mtu kapotea wakati giza limeshaingia.

Petroli ya uokoaji ikae kwenye madumu yake, chini ya kufuli. Ikiazimwa kwa safari moja ya kuvua, hamna tena boti ya uokoaji. Igaweni mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la akiba.

Watu watatu wanatosha, kila mmoja na jaketi la kujiokolea. Mkijaa, aliyeokolewa atakaa wapi? Anayeshika mashine ajifunge kamba ya kuzimia mguuni, ili akianguka mashine izime. Mkaribieni aliye majini mkitokea demani, yaani upande upepo unakoelekea, omo (mbele ya boti) likitazama upepo. Mkikaa upande upepo unakotoka, boti itasukumwa juu yake. Akifika ubavuni, zimeni mashine kabisa, mpandisheni kwa ubavu, kamwe si kwa tezi, yaani nyuma, ilipo propela.

Wakiwa wengi wameshikilia chombo kilichopinduka, msikimbilie kuwasogelea. Warushieni kwanza madumu matupu yaliyofungwa kamba, kisha muwavute mmojammoja; wakiushika ubavu mmoja kwa pamoja, boti yenu nayo itapinduka.